Sura ya Sita: Karatasi ya Trafiki na Daftari la Mahakama

Katika sheria zote za dola, hakuna inayokutana na raia mara nyingi kama sheria ya barabara. Mtu aweza kuishi hata akazeeka bila ya kuujua mlango wa mahakama, kwa kuwa hakudaiwa mirathi, hakugombea mpaka wa shamba, wala hakutuhumiwa kwa jinai. Lakini akishashika usukani wa gari, au akapanda pikipiki kutafuta riziki ya watoto wake, hana budi kusimamishwa na askari wa usalama barabarani, leo au kesho kutwa, penye njia panda ya Chalinze au ya Segera, au mbele ya mwembe ambao nyuma yake imetegwa tochi ya kupimia mwendo. Hapo kandokando ya lami ndipo wengi wetu hukabiliana na sheria kwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa hakuna aliyewafundisha lililo haki yao na lililo wajibu wao, baadhi hunyenyekea kupita kiasi, baadhi hughadhibika kupita kiasi, na baadhi hupenyeza noti ndani ya leseni, wakidhani ya kuwa jambo limekwisha.

Maudhui ya sura hii ni mawili, nayo yamefungamana: namna ya kuipokea na kuishughulikia karatasi ya faini ya barabarani, na namna ya kuitafuta kumbukumbu ya shauri la trafiki katika mahakama ya mahali lilikosikilizwa. Yamefungamana kwa sababu kosa la barabarani hupita kwa dakika moja, ilhali maandishi yake hudumu miaka mingi. Na kila atakayemwuliza dereva habari za siku ile, awe ni wakala wa bima, au wakili wa aliyejeruhiwa, au mwajiri anayetaka kumkabidhi basi la abiria, atamwuliza kwa kushika maandishi hayo mkononi. Wahenga walikwisha kutuusia ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki nayo ni mali, tena ni mali ambayo mwenyewe asipoitunza hakuna jirani atakayemtunzia.

Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Usalama Barabarani, namba 30 ya mwaka 1973, ambayo katika majuzuu ya sheria za nchi ni Sura ya 168. Imefanyiwa marekebisho mara kwa mara tangu ilipotungwa, walakini misingi yake haijabadilika sana: ndiyo inayomtaka dereva awe na leseni ya daraja la chombo anachokiendesha, ndiyo iliyoweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na usiozidi kilomita 80 kwa saa kwa mabasi ya abiria na magari ya mizigo yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na ndiyo inayoadhibu ulevi katika usukani, uzembe, ubovu wa chombo, na kudharau alama za barabarani. Makosa hayo hayalingani uzito. Yako mepesi, kama kuacha kufunga mkanda au kuendesha gari lenye taa mbovu, ambayo aghalabu humalizwa kwa faini iliyokwisha pangwa. Na yako mazito, kama kuendesha kwa hatari, au kusababisha majeraha na mauti, ambayo njia yake ni ya moja kwa moja hadi mbele ya hakimu, wala askari hana mamlaka ya kuyamaliza barabarani, hata kama yeye na dereva wangeridhiana.

Kwa ajili ya yale mepesi, sheria imempa askari uwezo wa kumpa mkosaji hati ambayo watu wote, wasomi na wasiosoma, huiita notifikesheni. Kiwango chake kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Na kwa bodaboda na bajaji kilikuwa hicho hicho mpaka bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22 ilipokishusha hadi shilingi 10,000, baada ya kudhihirika ya kuwa faini moja yaweza kummeza kijana wa pikipiki pato lake la siku nyingi. Fedha hizo hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, ile ambayo watu wa mjini huiita kontroo namba, kwa njia ya benki au ya simu ya mkononi. Wala hazipiti katika kiganja cha askari. Kwa hivyo mtu aliyetoa fedha pasipo namba hiyo, kwa hesabu ya serikali, hakulipa chochote, na deni lake liko pale pale.

Sasa na tuitazame notifikesheni kwa jicho la sheria, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Karatasi ile si hukumu. Askari si hakimu, na sheria haikumfanya hakimu. Ilimpa tu idhini ya kumwambia dereva, kwa maandishi, ya kuwa ana sababu ya kuamini kwamba kosa fulani limetendeka, na ya kuwa dereva akikubali aweza kulimaliza kwa kulipa kiasi kilichotajwa katika muda uliotajwa. Basi mbele ya dereva pamefunguliwa milango miwili: mlango wa kukiri na kulipa, ambao hauna hakimu wala shahidi; na mlango wa kukana, ambao humpeleka mahakamani, akasomewe shtaka, na upande wa Jamhuri utakiwe kulithibitisha. Mlango wa kwanza unajulikana na kila mtu. Mlango wa pili, ijapokuwa umeandikwa katika sheria ile ile, hutajwa kwa nadra sana, na mara nyingi hutajwa kwa sauti ya vitisho, kana kwamba kwenda mbele ya hakimu ni adhabu yenyewe, na si haki.

Upi mwema? Jibu la insafu ni kwamba unategemea ukweli wa jambo na uzito wa matokeo yake. Aliyekosa kweli, akaona kwa macho yake picha ya gari lake ikiwa na kilomita 74 penye kibao cha 50, haimfai kubishana. Na alipe ndani ya muda, ahifadhi stakabadhi, apunguze mwendo. Kuipeleka mahakamani kesi ya namna hiyo ni kuongeza hasara juu ya hasara, kwa kuwa atapoteza siku za kazi na nauli, na hakimu akimtia hatiani hafungwi na kiwango kile cha notifikesheni. Lakini aliyebandikwa kosa ambalo hakulitenda, au lenye shaka ya dhahiri, kwa mfano gari lililo katika picha silo lake, au kibao cha mwendo kilikuwa kimeanguka, au mahali penyewe palikwisha kuvuka mpaka wa eneo la makazi, huyo asione haya kuutaja mlango wa pili, kwa maneno ya upole na bila ya kumkashifu askari. Na zaidi ya wote, aliyehusika katika ajali iliyomwumiza mtu asikubali neno lolote kwa haraka, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Lolote atakalochagua, wajibu wake wa kwanza ni kusoma. Dereva asiondoke mahali pale kabla ya kuyahakiki mambo yaliyoandikwa: namba ya usajili wa gari, herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu, jina lake kama lilivyo katika leseni, kosa lenyewe, mahali, tarehe na saa, na utambulisho wa askari aliyeandika. Tarakimu moja ikikosewa katika namba ya gari, deni humwangukia mtu mwingine aliye Mbeya au Mwanza, asiyejua hili wala lile, mpaka siku atakaposimamishwa na kuambiwa ya kuwa anadaiwa. Nayo mashine haina huruma: mfumo wa polisi wa kusimamia makosa ya barabarani huhifadhi madeni kwa namba ya gari na kwa namba ya leseni, na deni lisilolipwa kwa wakati huongezeka. Kwa bahati njema mfumo huo huo uko wazi kwa mwenye chombo, naye aweza kuandika namba ya gari lake katika tovuti ya jeshi hilo akaona anadaiwa nini. Desturi ya kutazama mara moja kwa mwezi haigharimu kitu, na humwepusha mtu na fedheha ya kuzuiliwa njiani akiwa na mgonjwa au na maiti ndani ya gari.

Faida ya upekuzi huo humfikia pia mtu ambaye hajawahi kukosa. Anunuaye gari lililotumika, kabla ya kutia sahihi katika hati ya mauzo, na aitafute namba ya gari hilo katika mfumo, kwa sababu deni lililoandikwa kwa namba ya chombo hubaki na namba hiyo, na muuzaji akishakwenda zake ni mnunuzi atakayesimamishwa. Na auzaye, kwa upande wake, ahakikishe umiliki umehamishwa katika daftari la Mamlaka ya Mapato, asije akaendelea kuandikiwa makosa ya mwenda mbio asiyemjua.

Siwezi kuipita njia ya tatu, isiyokuwa na mlango katika sheria, nayo ni hongo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawasawa na mpokeaji, na hilo pekee lingetosha kumzuia mtu mwenye akili. Walakini hata tukiyaweka kando maadili na adhabu, hongo ni biashara mbaya kwa mizani ya mfanyabiashara: anayeitoa hapewi stakabadhi, kwa hivyo hana ushahidi wa kuwa jambo limekwisha, askari wa kituo cha mbele halazimiki na mapatano ya kituo cha nyuma, na iwapo kosa lilikwisha kuingizwa katika mashine, deni litabaki vile vile juu ya fedha iliyotolewa. Anayeombwa rushwa na aandike mahali, saa na utambulisho wa aliyeomba, kisha apige 113, namba ya TAKUKURU isiyotozwa malipo.

Tuingie sasa mahakamani. Dereva akikamatwa kwa kosa zito, sheria inataka afikishwe mbele ya mahakama ndani ya saa 24, au apewe dhamana ya polisi. Na dhamana hiyo katika Tanzania hailipiwi hata senti moja, bali hutakiwa mdhamini na ahadi ya kurudi. Siku ya shauri, mwendesha mashtaka huleta hati ya mashtaka, nayo husomwa, na mshtakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli. Watu wengi hulijibu swali hilo kama walijibuvyo salamu. Husema "ni kweli" kwa sababu wanataka kurudi nyumbani, au kwa sababu ni kweli kwamba ajali ilitokea, ingawa si kweli kwamba walikuwa wazembe. Neno hilo moja lina uzito mkubwa kuliko ushahidi wa mashahidi kumi.

Mwaka 1973, mwaka ule ule ilipotungwa sheria yetu ya barabara, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikizihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kabla ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, ilitoa katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri utaratibu ambao mahakimu wa pwani na wa bara wanaufuata hadi leo. Shtaka na viini vyote vya kosa visomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe, kwa kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyokuwa. Na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakanusha au kuongeza habari. Akisema neno linalopingana na kukiri kwake, hakimu na abadilishe, aandike kwamba amekana, shauri lisikilizwe. Dereva anayesema, "Ni kweli niligonga, lakini breki zilikatika ghafula na gari lilikuwa limetoka kukaguliwa," huyo hajakiri uzembe, ametoa utetezi. Kwa hivyo mshtakiwa na asikilize maelezo yale neno kwa neno, na alipo na la kusema aliseme hapo, kwa kuwa ndipo linapoandikwa.

Na kwa nini nimesema aliyepata ajali asikiri kwa haraka? Kwa sababu Sheria ya Ushahidi ya Tanzania imeweka ya kuwa hukumu ya jinai iliyokwisha kuwa ya mwisho, baada ya muda wa rufaa kupita, ni ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Tuseme dereva wa lori, ili asipoteze safari, amekiri kosa la kuendesha kwa uzembe, akalipa faini, akaenda zake na furaha. Mwaka wa pili mtembea kwa miguu aliyevunjika mguu afungua madai ya fidia dhidi ya dereva na tajiri wake. Wakili wake hahitaji kuleta shahidi wa kueleza nani alikuwa mzembe, kwani huleta nakala ya hukumu ile, na mlango wa kubisha umefungwa. Kinyume chake nacho ni kweli: aliyejeruhiwa, au mjane wa aliyeuawa, akiijua kawaida hii, ataitafuta nakala ya hukumu kabla ya jambo lolote, kwa kuwa ndiyo nguzo ya madai yake na ndiyo atakayoulizwa na kampuni ya bima.

Hapa tumefika kwenye daftari. Kila mahakama ina masijala, nayo ndiyo hazina ya kumbukumbu zake. Mashauri ya barabarani husikilizwa katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, na hupewa mfululizo wao wenyewe wa namba kila mwaka, kama vile Shauri la Trafiki namba 40 la mwaka 2019; basi atafutaye na ajue kwanza ni mahakama gani. Kanuni ni nyepesi: shauri hufuata mahali kosa lilipotendeka, na si mahali anapokaa mshtakiwa. Mkazi wa Kinondoni aliyepata ajali Segera asiitafute kesi yake Kinondoni, bali aiulizie katika Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga. Asiyekuwa na namba ya shauri na aanzie katika kituo cha polisi kilichoshughulikia ajali, akiwa na namba ya RB aliyopewa siku ya kuripoti, kwa sababu jalada la polisi huonyesha shauri lilifunguliwa mahakama ipi na tarehe gani.

Akifika masijala na awe na mambo manne mkononi: jina la mshtakiwa kama lilivyo katika leseni, mwaka wa shauri, namba ya shauri au ya jalada la polisi, na aina ya kosa. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu akina Juma na akina Salimu ni wengi, na karani aliyeelemewa na majalada hawezi kupekua madaftari ya miaka mitano kwa hisani. Mhusika wa shauri huomba kulisoma jalada au kupewa nakala. Asiyekuwa mhusika humwandikia barua hakimu mfawidhi, akaeleza haja yake, iwe ni madai ya bima, utafiti, au uthibitisho wa tabia ya dereva anayetaka kumwajiri. Ada yoyote itakayotajwa hulipwa kwa namba ya malipo, kama ilivyo faini, na stakabadhi huwekwa. Miaka ya karibuni mahakama zetu zimeanza kuyasajili mashauri kwa njia ya elektroniki, hata namba ya shauri jipya huonekana katika tarakilishi ya karani; lakini shauri la miaka ya nyuma lingali katika karatasi, na lahitaji subira.

Jalada likipatikana, lisomwe kwa mpango. Kwanza hati ya mashtaka, ili kujua kosa hasa lililoshtakiwa na kifungu chake. Pili jibu la mshtakiwa, na maneno gani aliyoandikiwa. Tatu maelezo au ushahidi, pamoja na vielelezo kama mchoro wa mahali pa ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, na fomu ya PF3 iliyojazwa na daktari. Na mwisho hukumu na adhabu. Majalada ya zamani huweza kumshangaza msomaji, kwa kuwa mashahidi walisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Ni kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndipo Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Na jalada likikosekana katika rafu yake, asikimbilie kudhani limeibwa; aulize kama palikatwa rufaa, maana rufaa ikikatwa jalada la asili huitwa Mahakama Kuu.

Pana hazina nyingine, isiyohitaji safari. Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani huchapishwa bila malipo katika tovuti ya TanzLII, na ndani yake mna rufaa nyingi zilizoanzia katika ajali na makosa ya barabarani. Atafutaye shauri la mahakama ya wilaya aghalabu hatalikuta humo, ila kama lilipanda ngazi. Lakini atakuta jambo lenye manufaa kuliko hilo, nalo ni namna majaji walivyozipima kesi zinazofanana na yake: wakati gani kasi peke yake haikutosha kuthibitisha uzembe, na wakati gani kukiri kulibatilishwa kwa kuwa hakukueleweka. Mtu asiyekuwa na uwezo wa kumlipa wakili, akizisoma hukumu tano kwa makini, huingia mahakamani akiwa na maswali yaliyo bora.

Kuhusu rufaa, muda ni mfupi na hautanguki kwa machozi. Asiyeridhika na hukumu ya mahakama ya wilaya hutoa notisi ya kusudio ndani ya siku 10, na huwasilisha sababu zake za rufaa ndani ya siku 45, ambamo hazihesabiwi siku alizokuwa akingoja nakala ya mwenendo na hukumu. Ndiyo sababu ombi la nakala liandikwe siku ile ile ya hukumu, na nakala ya ombi hilo igongwe mhuri wa mapokezi. Aliyekiri kosa hana rufaa juu ya kutiwa hatiani, ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Isipokuwa katika hali ambazo Mahakama Kuu ilizibainisha mwaka 1983 katika shauri la Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri, kama vile kukiri kuwa na utata au kutokukamilika, kukiri kwa kutofahamu, au shtaka kutokuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria. Hapo tena msomaji ataona ya kuwa kinachomwokoa au kumwangamiza ni mstari mmoja wa maandishi katika jalada.

Avukaye bahari au mpaka na ajue ya kuwa sheria hubadilika chini ya magurudumu yake. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabara, leseni zake na mahakama zake. Kenya nayo, kwa dereva atokaye Tanga akapitia Horohoro na Lungalunga kwenda Mombasa, ina Katiba ya mwaka 2010 ambayo ibara yake ya 49 inamtaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ibara ya 50 inampa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya mahakama, na haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake kwa ada ya kiasi. Kanuni zao za makosa madogo za mwaka 2016 hupandisha faini kwa kufuata kosa: asiyefunga mkanda shilingi 500 za Kenya, na anayezidisha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa shilingi 10,000. Huko dhamana ya polisi huweza kutozwa fedha taslimu, nayo hurejeshwa kwa mwenye stakabadhi aliyehudhuria mahakamani. Basi Mtanzania asishangae kuombwa fedha, ila asiondoke kituoni bila ya stakabadhi. Kwa utafiti, Wakenya wana hazina ya hukumu iitwayo Kenya Law, iliyo wazi kwa kila mtu.

Hukumu ya sura hii ni fupi. Aliyekosa na alipe mapema kwa njia halali. Anayeshtakiwa kwa lisilo kweli na alikane kwa adabu mbele ya hakimu. Na wote wawili wasome kabla ya kutia sahihi, na waweke kila karatasi. Msomaji mwenye chombo, ikiwa hutafanya lolote jingine katika yote niliyoyasema, fanya mawili kabla ya safari yako ijayo: tazama katika mfumo gari lako linadaiwa nini, na tenga bahasha moja ndani ya nyumba yako, wala si ndani ya gari, ya kuhifadhia notifikesheni, stakabadhi na hati zote za barabarani. Na mwajiri wa madereva na azitunze za kwake hivyo hivyo, kwa kuwa siku ya madai jina lake litaandikwa kando ya jina la dereva wake.